Amana Ipitayo Ukutani

Mawimbi ya redio hayana habari na hati ya kiwanja. Ukiiweka ruta ya Wi-Fi juu ya kabati la sebuleni, mawimbi yake yatafika chumbani, jikoni na uani, yatafika kwa jirani wa kushoto na wa kulia, na yatamfikia hata kijana aliyeegesha bodaboda yake ng'ambo ya barabara akisubiri abiria. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Ukuta wa matofali ya saruji hulipunguza nguvu lakini haulizimi. Kaa kwenye ghorofa yoyote ya Kariakoo, fungua simu, utaona majina ya mitandao yamejipanga: la duka la vitenge, la wakala wa forodha, la familia ya ghorofa ya nne, la mtu aliyeupa mtandao wake jina la mwanawe. Mazungumzo ya wote hao yanakupitia hapo ulipokaa. Kinachozuia yasisomwe na kila apitaye ni usimbaji peke yake, yaani hesabu inayoyavuruga maneno kiasi kwamba asiye na ufunguo hapati kitu.

Nimefunga na kurekebisha mitandao ya namna hii, ya majumbani na ya ofisi ndogo, kwa muda wa kutosha kuamini jambo moja: mtandao wa nyumbani au wa kazini ni amana. Mwenye ruta ameshika mambo ya watu wengine, na wengi wao hawajui kuwa ameyashika. Yumo mtoto anayefanya kazi za shule. Yumo dada wa kazi anayezungumza na mama yake aliyeko Singida kila usiku. Yumo mgeni aliyelala siku mbili, na mgonjwa ambaye majibu yake yametumwa kutoka maabara kwenda mapokezi. Hao hawakulichagua neno la siri wala hawakuulizwa. Likiwa dhaifu, wao ndio watakaoumia.

Hayo yalinikaa moyoni nilipoitwa kwenye zahanati moja upande wa Temeke. Intaneti ilikuwa nzito, wakataka nione kulikoni. Mwenye zahanati ni mzee ambaye mtaa mzima humwita Daktari.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Huu mtandao umetushinda, hata kutuma ripoti mchana hauwezi.”

Neno la siri lilikuwa namba ya simu ya zahanati, ileile iliyopakwa rangi kwenye kibao cha nje. Nilipofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa nikakuta simu nyingi kuliko watu waliokuwemo ndani. Nyingi zilikuwa za vijana wa kijiwe cha bodaboda. Daktari hakushtuka hata kidogo.

“Hao ni vijana wetu. Usiku wa manane mgonjwa akizidiwa, wao ndio wanaombeba. Nikiwanyima intaneti nitaonekanaje?”

Sikuwa na jibu la haraka, maana alisema kweli. Ukarimu ule ulikuwa wa dhati na ulikuwa na faida kwa wagonjwa. Nikamwomba tuhesabu pamoja ni vitu gani vingine vilivyomo kwenye mtandao huo. Ilikuwemo kompyuta ya mapokezi yenye majina ya wagonjwa, na ya maabara. Zilikuwemo printa na kamera za korido. Na ilikuwemo folda moja ambayo maabara huweka majibu ili mapokezi wayachukue, na folda ile haikuwa na neno la siri lolote. Yeyote aliyesoma namba kwenye kibao angeweza kukaa juu ya pikipiki yake, akaifungua, akaona nani kapimwa nini wiki hii na majibu yametoka vipi. Sikuona dalili kwamba kuna aliyefanya hivyo, na vijana wale sidhani kama waliwahi hata kuwaza. Daktari alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Mwanangu, mtu majibu yake yakijulikana hapa mtaani, huyo hana tena pa kuishi.”

Watu wengi hudhani neno la siri la Wi-Fi kazi yake ni kulinda bando. Ndiyo maana wakishavuta faiba isiyo na kikomo huona hakuna tena cha kulinda. Lakini neno lile ndilo chimbuko la ufunguo wa usimbaji. Katika mfumo wa WPA2, ambao ndio unaokutwa kwenye ruta nyingi, ruta na simu kila moja huchukua neno la siri pamoja na jina la mtandao, huvipitisha kwenye hesabu inayorudiwa mara 4,096, na hupata ufunguo wa biti 256. Neno lenyewe halirushwi hewani kamwe. Simu inapotaka kuingia, ruta huipa namba ya nasibu, simu nayo hutoa yake, kila upande huchanganya namba hizo na ufunguo ule, kisha wanaonyeshana alama inayothibitisha kwamba wote wawili wanajua kitu kilekile. Ni jumbe nne tu, na kwa kupepesa jicho wameshapata ufunguo wa muda wa kusimba kila watakachoambiana. Ni kazi nzuri sana, na kila ninapoieleza hunifurahisha upya.

Ila namba zile za nasibu hupita hewani zikiwa wazi. Kwa hiyo mtu anayelijua neno la siri, akiisikiliza simu yako inapoingia, atapiga hesabu hiyohiyo na kuupata ufunguo huohuo wa muda. Kwa mtu huyo mtandao wako ni kama haukusimbwa. Benki, WhatsApp na tovuti nyingi za leo zina usimbaji wao wa pili juu ya huu, hivyo hataweza kusoma ujumbe wako wala namba yako ya siri ya benki. Anaweza kuishia kuona unakwenda tovuti gani na saa ngapi. Lakini vitu vya ndani kama printa, kamera za bei nafuu na folda za ofisini mara nyingi havina usimbaji huo wa pili kabisa. Majibu ya maabara ya Daktari yalikuwa katika kundi hili.

Asiyelijua neno naye ana njia yake. Hurekodi zile jumbe nne, huenda nazo kwake, na huko hubahatisha maneno mpaka alama ya uthibitisho ilingane. Hahitaji tena kuwa karibu nawe. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu 10 na huanza na 06 au 07, zikabaki tarakimu nane. Uwezekano wote ni milioni 200. Kompyuta yenye kadi moja nzuri ya michoro hujaribu mamia ya maelfu ya maneno kwa sekunde. Milioni 200 kwake ni kazi ya dakika chache. Tarehe ya kuzaliwa huisha upesi zaidi ya hapo, na jina la mtoto likifuatiwa na mwaka halichelewi.

“Lakini mtandao si una paswedi?” Daktari aliniuliza. Ni swali la haki, na kuna wakati wakubwa wa dunia walilijibu vibaya.

Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka mwaka 1997 kikiwa na usimbaji ulioitwa WEP, ulioahidi faragha sawa na ile ya waya. Walioupanga walikuwa watu wenye ujuzi wao. Sheria za Marekani za wakati huo zilibana usafirishaji wa usimbaji wenye nguvu, hivyo ufunguo ukawekwa wa biti 40. Ndani yake walitumia kanuni ya RC4, aliyoibuni Ron Rivest mwaka 1987, ambayo huzalisha mfululizo wa namba za kuchanganya na ujumbe. Sharti lake kubwa ni kwamba mfululizo mmoja usitumike mara mbili. Ukirudiwa, anayesikiliza huzikutanisha jumbe mbili, mfululizo unajifuta wenyewe, na kinachobaki ni maneno ya watu yaliyoshikana, ambayo mtu mvumilivu huweza kuyatenganisha. Kuepuka hilo, WEP iliongeza kwenye kila pakiti namba ya kubadilisha yenye biti 24. Biti 24 hutoa namba milioni 16.7 na ushei. Kwenye mtandao wenye shughuli nyingi zinakwisha ndani ya saa chache, kisha zinaanza kujirudia.

Agosti 2001, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha ubovu mkubwa zaidi: baadhi ya namba zile za biti 24 huvujisha vipande vya ufunguo wenyewe. Programu za bure za kufanya kazi hiyo zilitoka mwaka uleule. Kufikia mwaka 2007 watafiti watatu wa Darmstadt, Ujerumani, walikuwa wanaupata ufunguo wa WEP, hata uliorefushwa kuwa wa biti 104, kwa muda usiotimia dakika moja. Na mbadala ulikuwepo: WPA ilitoka mwaka 2003, WPA2 ikafuata mwaka 2004.

Hata hivyo, mwaka 2005 kampuni ya TJX ya Marekani, yenye maduka ya T.J. Maxx na Marshalls, ilikuwa bado inatumia WEP madukani. Wezi walinasa mawimbi hayo wakiwa nje, wakaingia, wakapanda kutoka mtandao wa duka hadi kompyuta kuu za kampuni, wakakaa humo hadi Desemba 2006 kabla ya kugunduliwa. Walichukua namba za kadi za malipo zaidi ya milioni 45. Kiongozi wao, Albert Gonzalez, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Machi 2010.

Ninachokitazama zaidi katika kisa hicho ni miaka ile kati ya 2001 na 2005. Hakuna aliyedanganywa. Habari za ubovu wa WEP zilikuwa zimechapishwa na mafundi wa dunia nzima walizijua. Kamishna wa Faragha wa Kanada, aliyechunguza jambo hilo kwa sababu Wakanada nao waliumizwa, aliona kosa kuwa ni kutohamia usimbaji wenye nguvu ndani ya muda unaostahili. Yaani walichelewa. Na kuchelewa kwao kulilipiwa na mama aliyekwenda kununua viatu vya watoto, akatoa kadi, akaondoka, na ambaye hadi anakufa hatasikia kitu kinaitwa WEP.

Hapo ndipo nilipobadilika katika mambo mengi yasiyohusu kompyuta. Kuahirisha tunakuzoea, na mara nyingi tunajisamehe kwa sababu tunadhani hasara ni yetu. Siku hizi, nikiona nimeliacha jambo ninalojua limeharibika, kwanza hujiuliza likianguka litamwangukia nani. Kama ni mimi, naweza kulipanga na mengine. Kama ni mtu ambaye hana habari na hakuulizwa, basi linatangulia mbele ya usingizi wangu.

Wakati WEP inatoka, kazi nyingine ilikuwa inaanza kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza shindano la kutafuta kanuni mpya ya usimbaji, na ikalifungua kwa watu wa nchi zote. Mwaka 1998 zilipokewa kanuni 15, zikawekwa hadharani, na wanahisabati wakaalikwa kuzivunja. Waliozibuni walishambuliana mbele ya kila mtu. Mwaka 1999 zikabaki tano, na Oktoba 2000 ikachaguliwa ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ndiyo AES, na ndiyo iliyomo ndani ya WPA2 ya ruta yako. Mholanzi Auguste Kerckhoffs alikwisha kuliandika wazo hili mwaka 1883: mfumo wa siri uwe salama hata adui akiujua wote, ilimradi asiwe na ufunguo. RC4, kwa upande wake, ilikaa miaka kadhaa kama siri ya biashara mpaka ikavuja mwaka 1994.

Naliheshimu sana shindano lile. Kulikuwa na ujasiri wa kusema: hiki hapa nilichokitengeneza, nionyesheni kilipo dhaifu. Nimefanya kazi na watu ambao utaratibu wao wote hudumu kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuuliza, na nimeona unavyokwisha siku moja tu mtu anapouliza. Hata mafundi wenzangu wapo wanaoficha jina la mtandao lisionekane kwenye orodha, wakamwambia mteja kwamba sasa yuko salama. Jina lililofichwa hutajwa hewani kila simu ya nyumbani inapoutafuta mtandao wake. Mteja amepewa utulivu asioustahili, na mimi huliona hilo kuwa baya kuliko kumwambia ukweli kwamba bado.

Turudi kwenye ufunguo wenyewe, maana usimbaji hata ukiwa imara kiasi gani, hauulizi aliyeshika ufunguo ni nani.

Dada mmoja, mwalimu wa sekondari, alinipigia simu jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. “Kaka, naogopa utaniona nimechanganyikiwa. Kila ninachofanya humu ndani, yeye anakijua.” Ndoa yake ilikuwa imevunjika kwa taratibu zote. Hati ya talaka walikuwa nayo, vyombo viligawanywa, hata sufuria zilipigiwa hesabu. Neno la siri la Wi-Fi halikukumbukwa na mtu. Mume ndiye aliyenunua ruta, ndiye aliyefunga kamera, na akaunti za kuvisimamia zilikuwa zimesajiliwa kwa barua pepe yake. Kamera ya sebuleni ilikuwa inaendelea kumpelekea picha kwenye simu yake, popote alipo.

Kubadilisha neno la Wi-Fi peke yake kusingetosha. Kamera kama zile hutuma picha kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za mtengenezaji, na mwenye akaunti huzipata huko. Hapiti kwenye ukuta wa nyumba hata kidogo. Ilibidi turudishe ruta katika hali ya kiwandani, tuweke neno jipya la usimamizi na neno jipya la Wi-Fi, tufute kamera zote na kuzisajili upya kwa jina la dada yule. Ya sebuleni aliomba iondolewe kabisa, nikaiondoa.

Usimbaji ulikuwa umefanya kazi yake siku zote hizo bila kasoro. Ulimzuia kila mgeni, ukamruhusu aliyekuwa na haki kwa hesabu, ingawa kwa ubinadamu haki hiyo ilikuwa imekwisha. Hesabu haijui talaka. Haijui kwamba mfanyakazi ameachishwa kazi akiwa na uchungu, kwamba mpangaji wa chumba cha uani amehama, kwamba ushirika wa biashara umevunjika. Kulijua hilo ni kazi yetu wenyewe, na ni kazi inayoumiza, kwa sababu kubadilisha neno la siri ni kukiri kwamba uhusiano fulani umefika mwisho. Nimewaona watu wakichelewa kufanya hivyo kwa huruma, au kwa matumaini kwamba mambo yatarejea. Nawaelewa. Lakini namwambia kila anayeniuliza: mtu akiondoka, neno libadilike siku hiyohiyo, na wala lisichukuliwe kuwa tusi kwake. Mimi mwenyewe nimo katika hesabu hiyo. Nikimaliza kufunga mtandao namwomba mwenye nyumba aandike neno jipya kwa mkono wake, na mimi nageuka pembeni mpaka amalize. Kuna mabibi waliokataa kwa kuona ninajidhalilisha. “Sisi tunakuamini, mwanangu.” Nashukuru, na bado nageuka.

Kwa Daktari tulipata njia isiyomwondolea ukarimu wake. Ruta nyingi za sasa zinaweza kurusha mtandao wa pili wa wageni, wenye jina lake na neno lake, unaofika kwenye intaneti lakini haufiki kwenye kompyuta za ndani. Unaweza pia kuuwekea kikomo cha kasi, ili ripoti za mchana zipite. Nilipomweleza alicheka kwa furaha: “Kumbe unawajengea baraza yao!” Hakukosea. Nyumba za kale za Lamu na Unguja zina baraza ya kukalisha mtu nje kwa heshima zote, na kule Lamu ukipita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, njia hupinda kwanza, ili aliyesimama mlangoni asione mpaka ua wa ndani. Mgeni hajisikii amefukuzwa, na wa ndani wamesitirika. Vijana wa bodaboda walipewa neno lao na wanaendelea kuingia. Mtandao wa zahanati ukapata neno refu la peke yake, na folda ya maabara ikawekewa ruhusa, aifungue anayehusika tu.

Kuhusu urefu wa neno, nina msimamo. WPA2 hukubali herufi 8 hadi 63, na nane ni kidogo mno. Namwambia mtu achague maneno matano yasiyohusiana, kama “kinu treni mdalasini jumatano kobe”, maana mkono huyakumbuka na kompyuta hupata taabu kuyabahatisha. Mfano huo nao ukishachapishwa haufai tena. Mistari ya nyimbo, aya na methali zisitumike. Wanaobahatisha wanazo zote kwenye orodha zao.

Oktoba 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens, wa chuo kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, walitangaza kwamba zile jumbe nne zenyewe zina tundu. Mtu akiurudia ujumbe wa tatu, kifaa huweza kuuweka tena ufunguo ambao kimekwisha kuutumia, na namba zinazotakiwa kutumika mara moja zikaanza upya. Ni dhambi ileile ya WEP iliyorudi kwa mlango mwingine, baada ya WPA2 kusimama miaka 13. Wakaiita KRACK. Kubadilisha neno la siri hakukusaidia. Kilichosaidia ni masasisho ya programu ya kila kifaa.

Mimi hutafakari zaidi jinsi walivyolisema. Tangu Julai 2017 Vanhoef alianza kuwaandikia watengenezaji kwa siri, na habari ikatangazwa kwa wote tarehe 16 Oktoba, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuandaa dawa. Aliona aibu ya nyumba za mamilioni ya watu, akaenda kwanza kwa wenye uwezo wa kuisitiri. Baada ya hapo alisema hadharani, kwa sababu kunyamaza kabisa kungewaacha wasiojua wakiwa wazi. WPA3 ilipotoka mwaka 2018 ilileta namna mpya ya kuingia, ambayo anayebahatisha hawezi kwenda na jumbe kwake, kwani kila jaribio analazimika kulipeleka kwa ruta yenyewe. Na hata anayelijua neno la siri hawezi kulitumia kusoma mazungumzo ya wengine aliyoyarekodi. Mwaka 2019 Vanhoef na Eyal Ronen wakakuta mapungufu humo pia, wakafuata njia ileile.

Nimejitahidi kuifuata kwa kadiri yangu. Nikiona kwenye simu kwamba ofisi fulani ina mtandao usio na usimbaji, au wenye WEP, siutaji kijiweni wala siujaribu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na udhaifu wa neno la siri si ruhusa. Nabisha hodi, namwomba mwenye ofisi tukae pembeni, namwambia nilichokiona. Wengine hukasirika, wakidhani natafuta kazi. Nawaachia namba ya fundi mwingine asiyenihusu, naondoka. Siku hizi nataja pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa sababu kuna watu ambao neno amana haliwagusi mpaka wasikie kwamba limeandikwa kisheria.

Nina ombi kwa mafundi wenzangu wanaopanda nguzo na kuvuta faiba kila siku, na kwa vijana wanaouza ruta Kariakoo. Msimwache mteja na neno la usimamizi lililobandikwa chini ya ruta. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka ruta na kamera kwa mamia ya maelfu duniani kwa kujaribu majina na maneno ya kiwandani yapatayo 60 tu, zikatumika kuzima huduma za watu wengine bila wenyewe kujua. Zimeni WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba badala ya neno la siri: tangu Desemba 2011, Stefan Viehböck alipoonyesha kwamba namba yake ya tarakimu nane hukaguliwa kwa nusu mbili na kwamba majaribio 11,000 yanatosha, hakuna sababu ya kuiacha. Wekeni WPA3 kama vifaa vinaikubali, na kama kuna simu ya zamani isiyoikubali, WPA2 yenye AES peke yake. Sasisheni programu ya ruta kabla ya kushuka ngazi. Fungueni mtandao wa wageni hata kama mteja hajauomba. Kisha mkalisheni mwenye nyumba, hata akiwa bibi kizee, mumwonyeshe mahali pa kubadilisha neno la siri, naye alibadilishe mbele yenu mkiwa mmegeuka. Yote haya hayazidi nusu saa, na fundi anapaswa kuyahesabu ndani ya bei ambayo mteja amekwisha kulipa.